Permis ya Moshi

Katika taksi iliyokuwa ikitoka Lusenda kwenda Baraka, Eugène alikaa dirishani, kando ya mama asiyemjua aliyempakata mtoto mwenye kikohozi.

"Anakohoa tangu wakati gani, mama?"

"Tangu tulihamia nyuma ya usine ya sabuni, papa. Banasema jiko ya bamama ya kukausha samaki haiombake permis ya moshi, lakini usine yenye bomba kubwa inapashwa kuwa nayo. Ile patron mwenye usine anasema eti iko nayo."

Siku agent wa mazingira alipofika kiwandani kumuuliza Eugène permis, yaani kibali, yeye alichomoa ile ya kuendesha motokari. "Iko hii!" Agent alicheka mpaka akasahau kazi iliyomleta, na Eugène amekuwa akiusimulia mzaha huo kila harusi. Leo haukumchekesha.

"Pengine hakuelewa, mama."

"Pengine. Kifua ya mutoto ndiyo imeelewa."

Moshi mweusi ukaingia. Mama alipogeuka kuomba kioo kifungwe, mkono wa Eugène ulikuwa umekwisha kukifunga. Dereva akasimama.

"Patron, tumefika ku usine yenu."

Mama akamfunika mtoto pua kwa kitenge, akavuta miguu ili Eugène apite.