Dorotea Kashindye na Hodi ya Jioni ya Maboga

Baba Paroko, wazee wetu mliotoka Shirati na Bujora, majirani wa Kigongo, wafanyabiashara wa Mabatini na waombolezaji wote, nawapa pole, na wazee nawaamkia shikamooni. Mimi ni Pius Kashindye, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, si kwa sababu nina sauti nzuri, bali kwa sababu wengine wote waliojaribu kuyasoma jana walifika katikati wakashindwa, na mwenyewe aliniagiza nisiruke kitu, hata yale ambayo baadhi yenu mmekuwa mkinong'onezana pale kivukoni kwa miaka mingi.

Marehemu Dorotea, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mama Hellen, alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 katika kijiji cha Bujora, karibu na Kisesa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kashindye, mkulima wa pamba na mfugaji, na mama yetu Rebeka, ambao wote wawili walishatangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapo Kisesa kuanzia mwaka 1961 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1967, na masomo aliyapenda, lakini alichojulikana nacho zaidi ni kuigiza sauti za watu, kwani alikuwa na sikio la ajabu, mtu akisema neno moja nyuma ya ukuta alimtaja jina na ukoo wake, na alichapwa zaidi ya mara moja kwa kuwaamrisha wenzake wasimame mstarini kwa sauti ya mwalimu mkuu, huku mwalimu mkuu mwenyewe akiwa amesimama mlangoni anasikiliza.

Mwezi Machi mwaka 1970 alikwenda Mwanza mjini, akaajiriwa kulea watoto katika nyumba ya familia ya kigeni iliyokuwa ikiishi Capri Point, ambako baba wa nyumba alikuwa mtaalamu wa samaki, na huko ndiko alikokutana na Halowini. Tarehe 31 Oktoba ya mwaka huo mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa na hamu na kwao hadi machozi yalikuwa yanamtoka akikosha vyombo, alimwomba amtafutie boga, akalitoboa macho na mdomo, akawasha mshumaa ndani, kisha akakaa chini sakafuni na watoto wake akiwasimulia jinsi yeye na ndugu zake walivyokuwa wakizunguka mtaani wamevaa vinyago. Dada alituambia kwamba aliliogopa lile boga, akaliogopa sawasawa, lakini usingizi ulipokataa kuja alijikuta anatamani mwaka uishe haraka alione tena.

Ile familia ilipoondoka mwaka 1974, alifungua genge la nafaka Mabatini, akiuza maharage, njugu na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2016 miguu ilipomkatalia. Tarehe 22 Novemba 1975 alifunga ndoa takatifu na ndugu Paulo Odoyo, fundi wa injini za boti kutoka Shirati, mkoani Mara, na mwaka 1983 wakahamia hapa Kigongo, katika nyumba hii. Mungu aliwajalia watoto watatu, Hellen aliyezaliwa mwaka 1976, Obedi aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1979, na Faith aliyezaliwa mwaka 1985.

Watoto hao ndio aliowaanzishia Jioni ya Maboga, na wengi mlioketi hapa mkiwa na mvi mmewahi kuicheza, kwa hiyo msijifanye hamuijui. Kila tarehe 31 Oktoba alichuma maboga nyuma ya jiko, nyama yake ikapikwa, mbegu zikakaangwa na chumvi, majani yakawa mboga, na maganda yakachongwa nyuso, hakuna kilichotupwa, kisha jua likizama watoto wa jirani walijipaka majivu, wakavaa maovaroli ya shemeji Paulo yaliyonuka dizeli au kujifunika vyandarua, wakawa wanakuja mmoja mmoja kwenye mlango uliofungwa na kupiga hodi kwa sauti isiyo yao. Yeye alikaa ndani akisikiliza, akikujua anakutaja jina, unapewa michembe yako na njugu, mchezo kwako umekwisha, unaambiwa uende nyumbani, na asipokujua anasema, "Sijakujua bado, zunguka," nawe unaizunguka nyumba gizani, unarudi na sauti nyingine. Katekista wa wakati huo alikuja kuuliza kama hayo si mambo ya kipagani, akapewa bakuli la boga lenye karanga, akaambiwa kwamba kesho yake ni Watakatifu Wote na hakuna mtoto wa nyumba hii atakayekosa misa, na mwaka uliofuata katekista alipiga hodi mwenyewe, akajulikana palepale.

Obedi aliupenda mchezo huu kupita wote, na hakuuacha hata alipokuwa kijana mrefu kuliko mlango. Alikuwa akichuchumaa na kugonga chini kabisa, karibu na kizingiti, ili adhaniwe ni mtoto mdogo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyefanya hivyo alijulikana kila mwaka kabla hajafungua mdomo, lakini mwaka uliofuata akarudia vilevile, na mama yake akacheka vilevile.

Tarehe 11 Agosti 1998, Obedi akiwa na miaka kumi na tisa, alitoka hapa Kigongo asubuhi peke yake na mtumbwi wa kuazima kwenda kuangalia nyavu, na mchana mtumbwi ulikutwa umetulia kwenye mawe upande wa Busisi, kasia likiwa ndani, shati lake likiwa limekunjwa vizuri juu ya kiti, na yeye hayupo. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka, polisi wakaja, ziwa halikurudisha kitu, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Wote tulidhani maboga yangesahaulika, lakini tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo dada aliyachuma, akachonga, akawasha, watoto wakaja na wote wakajulikana upesi, kwani walikuwa na huzuni na hawakujitahidi kubadili sauti. Wakiwa wote wamekaa ndani wanakula, mlango ukagongwa chini, karibu na kizingiti. Nilikuwepo, na hili sikusimuliwa na mtu, mbwa alikuwa amelala palepale barazani na hakubweka, sauti ikasema hodi, sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ni ya mtoto au ya mtu mzima, na dada akaweka bakuli chini taratibu, akasema, "Sijakujua bado, zunguka." Tukasikia miguu ikianza kuizunguka nyumba, ikapita dirisha la jikoni, ikapita chumba cha wasichana, ikafika mbele, na pale mbele haikugonga tena. Hakuna aliyefungua, na hakuna aliyekula tena.

Mwaka 1999 ilikuja hivyohivyo, na miaka iliyofuata, mara moja tu kila tarehe 31 Oktoba, na kila mara dada alijibu kwa maneno yaleyale. Mtu mwenye sikio kama lake, aliyeweza kumjua mteja wa Mabatini kwa kikohozi, hakushindwa kuijua ile sauti, na sisi wote tulielewa anachofanya, aliyetajwa jina huenda nyumbani na mchezo humwishia, asiyetajwa hurudi.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba wazee wa Shirati wanivumilie. Kwa desturi ya ukoo wa Odoyo, mtu aliyepotelea majini huzikwa kwa tunda la yago, mti ambao wengine huuita mvungunya, lile refu na zito kama mtu mdogo, linafungwa sanda, linaliliwa na kulazwa kaburini kwa jina lake, ili marehemu ajue kwao na aache kutangatanga. Mwezi Desemba 1999 wazee walilileta tunda hilo, shimo likachimbwa pale kando ya mnazi mfupi, na dada yangu akaingia ndani ya shimo akakaa. Alisema kwa upole kwamba tunda halina sauti na mwanawe anayo, na aliyesikia sauti ya mtoto wake hawezi kumfukia. Mzee Okwach, kaka yake shemeji, alimwambia, "Shemeji, wewe ndiye unamtembeza huyu mtoto, mwache akae," naye akabaki shimoni mpaka wazee wakaondoka na tunda lao.

Shemeji yangu Paulo aliumia, na sioni sababu ya kuficha. Yeye alikuwa akisema hajawahi kusikia hodi yoyote, kila mwaka mlango ulipogongwa aliongeza sauti ya redio, na siku moja alimwuliza mkewe mwana wao analala wapi kule majini, ikiwa mama yake mwenyewe amemkatalia pa kulala. Waliendelea kuishi pamoja na kuheshimiana, lakini jina la Obedi halikutajwa mezani, maana kwa baba lilikuwa ni jina la mtu asiyezikwa, na kwa mama lilikuwa ni jina ambalo akilitamka tu, litampoteza mtoto.

Huko nje nako maneno yalianza, kwamba Mama Hellen hakufiwa, amemfanya mwanawe msukule na anamlisha michembe, na kwamba zile nyuso za maboga ni za kumwita. Mnajua katika nchi yetu maneno ya namna hii yamewafikisha wapi akina mama wazee, na mwaka 2004 walikuja watu barazani na tochi, lakini majirani, na hasa marehemu Paskazia aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, walitoka wakasimama mbele ya mlango, wakasema watoto wao wote wamekula boga la nyumba hii na hakuna aliyepotea. Tunawashukuru, na wale waliokuja na tochi, ambao leo baadhi yenu mmebeba maji ya msiba, nao tunawashukuru kwa kuyabeba.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na mwezi Oktoba mwaka huu wa 2024 alilazwa hospitalini mjini Mwanza, ambako tarehe 26 aliomba arudishwe nyumbani. Hellen alipomwuliza ana haraka gani, alimjibu, "Mwanangu, mimi nikiondoka, nani atamwambia aende? Atazunguka hii nyumba mpaka lini, na humu ndani hakuna wa kumjibu?" Ndipo tulipojua kwamba ile hofu iliyomfanya anyamaze miaka yote ilikuwa imegeuka, hakuogopa tena kumpoteza, aliogopa kumwacha nje.

Tarehe 31 Oktoba wajukuu walichonga boga moja kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusimamia zaidi, tukamkalisha kitini karibu na mlango, na giza lilipoingia mlango ukagongwa, chini, karibu na kizingiti. Redio ilikuwa kimya safari hii, hakuna aliyeiwasha. Sauti ikapiga hodi, na dada akavuta pumzi kwa shida, akasema, "Obedi, ni wewe. Nimekujua. Nilikujua tangu mwaka wa kwanza, nisamehe mama yako. Nenda nyumbani, baba." Tukasubiri miguu izunguke, haikuzunguka, ilishuka moja kwa moja kuelekea ziwani, polepole, kama mtu aliyetoka kazini, na mbwa, ambaye si yule wa zamani, akainuka akaifuata hadi kwenye ukingo wa uwanja, akasimama hapo akitikisa mkia. Ndipo shemeji Paulo akafunika uso wake akalia, akasema kwamba hata yeye amekuwa akisikia, kila mwaka, na kwamba ile redio aliongeza sauti ili yeye asije akamtaja mtoto kabla ya mama yake kuwa tayari.

Kesho yake asubuhi dada alimwomba mumewe atume watu Shirati wakalete tunda. Lilifika tarehe 8 Novemba, akawekewa mapajani, akalifunga sanda kwa mikono yake, na tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mume, watoto wawili wa kike na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo na wakakubali kumruhusu alipoomba, majirani wa Kigongo waliolala hapa na sisi, wafanyabiashara wenzake wa Mabatini waliofunga magenge yao leo, Baba Paroko aliyekuja kuongea na wazee wa ukoo bila kupandisha sauti, na wazee wa Shirati ambao baada ya miaka yote hii hawakuuliza kwa nini sasa. Kwa wale waliokuwa wakiuliza tangu asubuhi kwa nini yamechimbwa makaburi mawili, sasa mmejua. Atatangulia mtoto, kwa sababu mama aliagiza kwamba hawezi kulala kabla hajasikia mwanawe ameingia ndani.

Obedi, karibu nyumbani. Dorotea, dada yangu, mtoto amefika, sasa nawe pumzika.