Fundi Aliyechukia Kuruka Kurasa

Ndugu waombolezaji, nasoma wasifu huu mimi binti wa kwanza wa marehemu. Mtasikia aya moja ambayo haimo kwenye ratiba mliyoshika. Juzi mjomba aliikata kwa kalamu nyekundu. Mama alichukia mtu anayeruka kurasa, kwa hiyo mimi siruki.

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa posta na mkunga. Kaka yake, yaani mjomba wetu, alimtangulia kwa miaka minne, na tangu hapo hakuacha kumwamrisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964, kisha sekondari, akamaliza 1974. Kidato cha pili darasa lao liliigiza tamthilia ya zamani ya mfalme aliyepinduliwa, naye akapewa nafasi ya mlinzi wa mlango, asiye na neno hata moja. Siku ya onyesho mfalme alisahau maneno, akabaki kukodoa macho. Mlinzi akayasema yote kutoka mlangoni, mkuki mkononi. Mwalimu alimfokea kwamba mlinzi hasemi. "Sasa mwalimu," akajibu, "mfalme kanyamaza. Tungekaa pale mpaka kesho?"

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, tarehe 6 Desemba 1980. Mwaka 1983 akafungua chumba chake cha ushonaji karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa na cherehani mbili, nzima ya kushonea na mbovu ambayo mguu wake wa kukandamizia kitambaa ulibana kitabu kikae wazi. Baba si msomaji, lakini alifunga taa juu ya ile mbovu bila kuombwa. Mama alisema siku hiyo ndipo alipojua kwamba ameolewa.

Sasa hii ndiyo aya iliyokatwa. Marehemu alipenda tamthilia za kale, na alipenda vilevile vitabu vinene vya majoka na wachawi vinavyogombaniwa na vijana. Hakuona aibu kwa hivi wala vile. "Andika mtu wa kazi na sala," mjomba aliniambia. "Majoka yabaki nyumbani. Watu watasemaje?" Watasema wanachokijua tayari. Mwaka 1998 kwaya ilimpa vipimo vya majoho kumi na sita. Alikuwa katikati ya vita vya wachawi, kitabu cha tatu cha mfululizo alioupenda, na mikono ya majoho ikatoka mipana, ikining'inia hadi magotini. Mwenyekiti wa kwaya alikuja amefura. Mama akamwambia, "Vaa kwanza, halafu inua mikono." Akavaa, akainua. Hakurudisha hata joho moja. Ndiyo hayo waliyovaa leo, yatazameni.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 2 Mei 2023. Daktari alimtaka aache vitabu apumzike. "Kupumzika kutakuja kwenyewe," akamjibu, kisha akagawa nafasi za tamthilia wodini. Muuguzi akawa malkia, jirani wa kitanda akawa mjumbe, na mjomba, aliyekuja tu na chupa ya chai, akawa mfalme. Mjomba, ulisoma vizuri. Wodi nzima ilikusikia.

Alifariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, nikimsomea kitabu cha saba. Alikuwa ameniambia, "Usinisimulie mwisho, na usiruke." Zilibaki kurasa tisini. Niliendelea kusoma mpaka sura ikaisha, na muuguzi hakunizuia, akavuta kiti akasikiliza. Niliumia, na bado naumia.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, cherehani mbili, na vitabu mia nne na kumi na viwili ambavyo havitafungiwa maandazi wala kuchomwa. Ameacha pia kaka mmoja, mwenye kitabu cha sita chini ya mto wake. Nimekiona, mjomba. Mtu hafiki cha sita bila kupitia vitano vya mwanzo. Usikirudishe. Kimalize, uje uchukue cha saba, zile kurasa tisini tuzisome pamoja.

Mama yetu apumzike kwa amani. Kunyamaza si lazima.