Mama Tangu Lini Anakiacha Kiti

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtoa dawa wetu mkuu anavua koti jeupe baada ya kulivaa miaka thelathini na moja katika duka letu la dawa. Jina lake rasmi wateja wengi hawalijui. Mtaa mzima unamwita Mama Tangu Lini, kwa sababu ukimwomba dawa ya kulainisha choo, hilo ndilo swali lake la kwanza, uwe mkubwa au mdogo.

Alipoanza kazi, dawa hizo zilikaa rafu ya mbele pamoja na sabuni na miswaki. Watu walipenda hivyo. Nani anataka kutangaza mbele ya foleni kwamba choo kimegoma? Mtu alichukua pakiti, akalipa huku akitazama dari, akatoweka. Mama alichogundua ni kwamba sura zilezile zilirudi kila wiki. Akaomba dawa zihamishiwe nyuma ya kaunta. Bosi akasema biashara itakufa, na sisi, tusiotaka maneno, tukaitikia. Bosi aliposafiri, Mama akazihamisha. Bosi aliporudi alinung'unika mpaka chai yake ikapoa, lakini hakuzirudisha.

Ili kuwaondolea watu aibu, aliweka kigoda mwisho wa kaunta, nyuma ya mzani, mahali ambapo masikio ya foleni hayafiki. Hapo aliuliza kwa sauti ya chini: tangu lini? Tumbo linauma au limejaa? Unatapika? Umeona damu? Unatumia dawa gani nyingine? Wengi waliondoka bila pakiti, wameambiwa wanywe maji, wale mboga na matunda, watembee. Waliopewa vidonge walionywa kwamba vinafanya kazi taratibu, mara nyingi hadi asubuhi, kwa hiyo wasiongeze kwa kukosa subira, na wasivifanye mazoea.

Dereva mmoja wa lori alijiona mjuaji. Alimeza vidonge vya jioni, akaona kimya, akameza vingine, akaanza safari alfajiri. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe kukiri kwamba sasa anakijua kila kichaka cha barabara ile. Mama alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akamweleza kwamba kilichomwacha akiona kizunguzungu ni maji na chumvi alizopoteza.

Mshonaji wa jirani naye alikuwa akitafuta vidonge hivyo ili apungue, gauni limkae. Mama alimwambia kinachotoka ni maji, mafuta yamekaa palepale yanamcheka, na mchezo huo unaweza kuutibua hata moyo. Mshonaji alinuna mwezi mzima. Aliporudi, alikuja na futi ya kupimia, akamshonea Mama koti jipya.

Lakini siku inayosimuliwa zaidi ni ya fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja amejikunja, akataka dawa kali kuliko zote. Alipoulizwa, alijibu kwa hasira kwamba tumbo limevimba tangu jana, hata upepo hautoki, na ametapika. Mama akakataa kumuuzia, akamwambia aende hospitali sasa hivi. Fundi akafoka: yeye amekuja kununua, hakuja kuhojiwa kama mwizi, na maduka ya dawa si hili peke yake. Akavuka barabara kwenda kwa mpinzani wetu.

Mama aliruka kaunta na ndara zake, akamfuata. Mpinzani wetu alipomwona anaingia akihema, alidhani amekuja kumnyang'anya mteja dukani mwake, akaanza kumfukuza. Mama akamsihi asimuuzie mtu huyo kitu chochote cha kuendesha tumbo, hata kwa dawa. Mwenzetu alimtazama fundi vizuri, akairudisha chupa rafuni. Fundi aliwatukana wote wawili, kisha maumivu yakamkalisha chini. Walimbeba pamoja hadi kwenye teksi, mmoja kila upande. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari aliyempasua alisema dawa kali ingeweza kuupasua.

Fundi alipopona alikuja na kiti cha chuma, chenye mgongo na pa kuegemeza mikono, akaondoa kigoda bila kuuliza mtu. Kipo hadi leo. Mpinzani wetu naye aliweka cha kwake.

Mama alipotangaza kustaafu, hatukuogopa kukosa mkono wake mwepesi wa kutoa dawa. Tuliogopa maswali yataondoka naye, na rafu irudi mbele. Basi Jumanne iliyopita alikuja siku yake ya mapumziko, kwa haraka, akataka pakiti moja ya dawa zilezile kwa ajili ya mama mkwe wake. Dada atakayeshika nafasi yake hakuinua mkono kwenye rafu. Alimwonyesha kiti, kwa adabu zote, akamwambia: Mama, keti kwanza. Kisha akauliza: tangu lini?

Kwa mara ya kwanza Mama alikalia kiti kile. Alijibu swali moja baada ya jingine, na la dawa nyingine likamkwamisha: mama mkwe alikuwa ameanza vidonge vya kuongeza damu, vinavyoweza kufunga choo. Aliondoka bila pakiti, kwenda kumwona daktari aliyeviandika, akitabasamu njia nzima.

Asante, Mama, kwa matumbo yetu na kwa aibu zetu ulizozitunza. Nenda ukapumzike kwa furaha na afya tele. Kiti kina mtu.