Mama Pazia na Jirani Yake

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya maombi ya msaada wa chakula wa serikali, Mama Pazia alistaafu tarehe 30 Juni. Hafla inafanyika leo, miezi kadhaa baadaye, kwa sababu ofisi yetu haijawahi kufanya jambo kwa wakati, na yeye ndiye wa kwanza kutucheka kwa hilo.

Alianzia masjala akibeba majalada, kisha akapewa meza ya maombi. Siku hizo mwombaji aliulizwa kila kitu mbele ya foleni nzima: unaingiza kiasi gani, mume yuko wapi, jana mlikula nini. Siku moja mpishi wa shule alikuwa akijibu maswali hayo huku mzazi wa mwanafunzi amesimama nyuma yake ametega sikio. Mpishi aliondoka bila kumaliza, wala hakurudi. Kesho yake Mama alikuja na pazia la maua la chumbani kwake, kamba na misumari. Bosi wa wakati ule alisema ofisi imegeuka duka la fundi cherehani. Pazia likabaki, na jina likamganda.

Tuliofundwa naye tunazijua sheria zake. Usimkodolee mtu macho anapotaja kipato chake. Usimpe pole kabla hajamaliza. Na akija mtu akasema anamwombea jirani, usimuulize ni jirani gani; uliza jirani ana watoto wangapi na nani anaumwa. Wengi waliopata unga na maharage kupitia meza ile waliingia wakiwa majirani. Fundi baiskeli mmoja alimsimulia jirani yake vizuri mpaka akalia mwenyewe. Mama alimpa kitambaa, akamwambia ampelekee jirani ajifute.

Sasa linakuja jambo ambalo yeye mwenyewe ametuamuru tuliandike. "Msinipambe kama bibi harusi," alisema. "Semeni na hilo."

Mwezi wa nane alikuja akaketi kwenye benchi la waombaji. Tulipiga vigelegele. Mhasibu akamshika mkono: "Mama, huko benchi unatafuta nini? Njoo ndani bwana, wewe ni wa nyumbani!" Tukampa kiti, chai, na maombi mawili yaliyokuwa yametushinda. Akatusaidia kuyamaliza, akaaga. Wiki iliyofuata akarudi benchi lile lile, nasi tukarudia yale yale, safari hii na maandazi.

Tulijua kwamba mumewe, mwashi, alianguka jengoni na hawezi tena kushika mwiko. Tulijua wajukuu wanne wamehamia kwake. Tulijua pensheni yake haijaanza kutoka. Vigezo vya msaada tunavisoma kutwa nzima kama sala, na hakuna hata mmoja wetu aliyevisoma kwake. Tunaona aibu, na hatuna pa kuificha.

Mara ya tatu hakwenda benchi. Alisimama mbele ya meza iliyokuwa yake, ambayo sasa ni yangu, mkoba ameukumbatia kifuani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amekuja kumwombea jirani. Mhasibu akacheka, akasema Mama kazi haimtoki mwilini. Mimi uso uliniwaka moto. Nikavuta pazia, nikainamia karatasi kama alivyonifundisha.

"Huyo jirani," nikamuuliza, "kwake wanakula watu wangapi?"

Akaushusha mkoba mezani.

"Sita," akasema. "Pamoja na mimi."

Ombi lilikubaliwa, kwa kuwa alistahili tangu siku ya kwanza ya benchi. Baadaye aliniambia kuwa miaka yote aliwahimiza watu wasione haya kuomba, na hakujua alikuwa akiwatwisha mzigo mzito kiasi gani.

Mama, asante kwa pazia, na kwa wote waliopata pa kusemea nyuma yake. Tunakuombea wewe na mzee afya, wajukuu walioshiba, na pensheni isiyochelewa kama hafla zetu. Ukija tena, keti benchi lolote upendalo. Tutakuuliza kwanza umefuata nini, ndipo tulete chai.