Sista Khalayi, Aliyeanza na Benchi la Nyuma

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Sista Rael Khalayi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ishirini na mmoja kati ya hiyo ameitumia kwenye meza ya kwanza ya idara yetu ya dharura, pale inapoamuliwa nani aonwe sasa hivi na nani asubiri. Alipohamishwa kutoka wadi ya watoto mwaka 2004, aliandika barua akiomba arudishwe. Haijajibiwa hadi leo, na tunamshukuru sana aliyeipoteza.

Wengine huita mgonjwa wa mbele. Yeye huinuka akaanza na benchi la nyuma. Husema kwamba huku kwetu Eastlands, Nairobi, mwenye nguvu za kusukumana atafika mbele tu, ila aliyezidiwa hujikalia nyuma kimya. Kuna siku makanga wanne wa matatu walimleta mwenzao anayetoka damu puani, mayowe utadhani ameuawa. Sista aliwaamuru wamsalimie yeye kwanza, akamwonyesha kijana jinsi ya kubana pua, kisha akampitisha mbele yao mama mjamzito wa benchi la nyuma aliyekuwa amevimba miguu na kuona giza. Makanga walinywea. Nani angebishana na Sista?

Ana vituko vyake pia. Kalamu yake ameifunga mezani kwa bandeji, maana hamwamini daktari yeyote na kalamu. Huwahubiria watu wa presha na sukari kutwa nzima, halafu chai yake mwenyewe, jamani, ni sharubati.

Lakini lipo jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na amenipa ruhusa nilieleze. Mimi Wathome nilikuwa na miezi mitatu tu hapa kama afisa wa kliniki. Aliingia Bwana Mulongo, mfanyakazi wa kiwanda kule Baba Dogo, ameshika chembe cha moyo, akasema alsa, vidonda vya tumbo, zimemwamkia. Mitaani kwetu kila tumbo likiuma ni alsa, nami nikalimeza neno lake bila kuuliza zaidi. Nikamwandikia dawa ya asidi, nikamruhusu aende.

Sista alikutana naye mlangoni. Alimpa mkono wa kumuaga, akaukuta umelowa jasho la baridi. Hakuuachilia. Alimrudisha, akamlaza, akampima moyo kwa mashine na kuniletea karatasi. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Tulimpa aspirini atafune, tukaita ambulensi ya kumpeleka hospitali kubwa, na kabla haijafika moyo wake ukasimama. Sista ndiye aliyemkandamiza kifua mpaka ukarudi.

Nilingoja anifokee. Badala yake aliniambia niende mwenyewe kwa mke wa Mulongo, Mama Nafula, nikamwambie nilikosea, kisha nimwandikie mkuu wa idara kabla sijatia chochote kinywani. Nilimsihi aende yeye. Alikataa katakata, ila alinisindikiza, akasimama kando yangu hadi nikamaliza. Mama Nafula alilia, kisha akaniuliza kama nitarudia tena. Kesho yake Sista aliniketisha mezani pake, na kwa wiki mbili kazi yangu ikawa kushika mikono ya wagonjwa na kuuliza maswali mpaka aridhike.

Mulongo amerudi kiwandani zamani, na Ijumaa yeye na mkewe watakuwa nasi kumuaga Sista.

Sista, kuanzia Jumatatu meza hiyo ni yangu. Naogopa, na sioni haya kulisema. Siku ile nilitamani mno unifichie kosa langu, na moyoni nilikuwa nimeshaacha kazi. Ungenifichia, ningeacha kweli. Asante kwa kukataa. Nenda nyumbani Bungoma ukajilie raha, mama yetu, afya ikufuate na usingizi uwe mtamu. Wa benchi la nyuma tutawaona kwanza.