Dada Aliyeambiwa Arudi Darasani

Ndugu waombolezaji, dada yetu, tuliyezoea kumwita Chaki, alizaliwa tarehe 4 Machi 1949, kifungua mimba wa fundi saa na mshona nguo. Akiwa na miaka tisa alimuuliza baba mezani, "Jua likitoweka sasa hivi, dunia itajua papo hapo?" Baba akamjibu, "Kunywa chai, jua bado lipo." Swali hilo hakuliacha.

Alisoma shule za mtaani kwetu, akapata shahada ya fizikia mwaka 1973. Alifundisha chuoni, chumba namba saba, ghorofa ya pili, chaki mpaka kwenye nyusi. Mwaka 1976 aliolewa na fundi rangi, shemeji yetu mpole, wakajaliwa mabinti wawili.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakivutana. Wengine, nikiwamo mimi mdogo wake, tulidai kwamba mawimbi ya uvutano, yale yanayosemekana kusambaa angani nyota kubwa zikitikisika, ni kiini macho cha hesabu tu, hayabebi nishati yoyote. Marehemu aliandika makala kuonyesha kwamba yanabeba, na kwamba hayafiki kamwe kabla ya tukio lililoyazaa. Jarida likampa msomaji wa siri aikague. Msomaji huyo, jamani, nilikuwa mimi. Nilikwisha kutamba hadharani, sikutaka kushindwa na dada yangu. Niliishia ukurasa wa kumi na moja, nikaandika: "La hasha! Mwandishi arudi darasani." Jarida likaikataa makala.

Alirudi kweli. Mwaka 1980 aliacha chuo, akafundisha sekondari miaka ishirini na tisa. Nami nilimpa pole, tena kwa uso mkavu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Mwezi uliopita, wodini, aliniuliza, "Wewe ungeipitisha ile makala?"

"Ningeipitisha, dada."

Akacheka. "Muongo we! Nani mwingine anaandika 'la hasha' kwenye hesabu?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Kumbe ulijua?"

"Siku ileile. Kaisome mpaka mwisho, halafu uje uniambie."

Kwa aibu nilijivuta siku nyingi kabla ya kuifungua. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mimi nikiwa ukurasa wa kumi na tisa. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja asiyestahili kusoma karatasi hii ya wasifu wake.

Jana nilimaliza kurasa zote thelathini. Dada, hesabu zako ni sahihi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Pumzika sasa. Wa kurudi darasani ni mimi.