Kinanda cha Westerhuum na Uongo Mmoja wa Harmannus Wiersema

Ndugu waombolezaji, majirani, na wageni wetu mliotoka mbali, mimi ni Eppo, mdogo wake marehemu, familia imeniagiza nisome, na marehemu mwenyewe aliniagiza nisifiche, kwa hiyo mtanivumilia.

Harmannus Wiersema alizaliwa tarehe 11 Februari 1941 hapa Westerhuum, mkoani Groningen, mtoto wa kwanza wa mzee Geert, mfuga ng'ombe, na mama Aaltje. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia 1947 hadi 1953, akaenda mjini kujifunza useremala, na tarehe 1 Septemba 1957 akaanza kazi kwa fundi wa vinanda vya kanisa, vile vikubwa vinavyovuta pumzi kwa mivukuto na kuimba kwa mabomba, kazi aliyoifanya miaka hamsini.

Mke alimpata humu humu kanisani. Mwezi Mei 1964 mota ya kusukuma hewa ya kinanda hiki iliungua, marehemu akahitaji mtu wa kukanyaga mivukuto wakati anarekebisha sauti, na Trientje, binti wa mtunza kanisa, akakanyaga siku tatu mfululizo, huku akimtania kwamba huyu naye fundi gani, bomba moja asubuhi nzima. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1966, wakajaliwa mtoto mmoja, Fenna, aliyezaliwa 1969, na Trientje akatutoka tarehe 9 Oktoba 2003. Tangu siku hiyo kaka yangu hakuwa yule tena, nasema kweli.

Wakati huo makanisa yetu yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, moja likawa duka la mazulia, lingine ghala la viazi, na marehemu ndiye aliyeitwa kuvifungua vinanda vyake kipande kwa kipande, kuandika namba kwenye kila bomba, na kuvisafirisha kwa watu ambao bado wanaimba, wengi wao Poland. Aliokoa vinanda arobaini na kimoja, na alikuwa akisema kinanda kisichopigwa hufa, panya hula ngozi na vumbi huziba mabomba.

Zamu ya kanisa hili ilifika Machi 2005, washarika tukiwa tumebaki tisa, peremende za kupitishiana wakati wa mahubiri zikiwa nyingi kuliko sisi. Padri Zenon, ambaye kanisa lake lilikuwa limeteketea kwa moto, alikuja kutoka Poland na gari la mizigo, na marehemu, mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata ofisi ya kodi, akamwambia mbele ya wazee wa kanisa kwamba kinanda kimebunguliwa, mbao ni unga mtupu, hakiwezi safari. Padri alipapasa mbao, akamtazama, akasema, "Basi, tutasubiri." Akaondoka na gari tupu.

Mbao zilikuwa nzima. Kwa miaka kumi na minane marehemu aliingia humu kila Jumamosi, kwa ufunguo aliobaki nao, akakipiga peke yake, na kila Krismasi kadi ya Padri ilifika, naye hakuijibu.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023. Tarehe 20 Januari aliniita kitandani akaniambia, "Eppo, mimi ni mwongo." Nikamjibu, "Hilo nalijua, tangu ulipovunja dirisha la mwalimu ukanisingizia mimi." Hakucheka. Alinieleza yote, akaniagiza nimwite Padri aje achukue kinanda, na tarehe 3 Machi 2024, saa nane mchana, akafariki.

Jana nilimwomba Padri radhi kwa niaba ya familia. Akanijibu, "Mimi ni mtoto wa seremala, nilijua siku ile ile. Lakini alikuwa akilia. Nani analilia mbao mbovu? Nikaona yule bado hajamzika mkewe."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliotuletea supu ya dengu kila jioni, na mafundi wenzake, ambao Jumatatu wataanza kukifungua kinanda. Leo tumezima mota, na wimbo wa kumtoa marehemu utapigwa Fenna akikanyaga mivukuto kama alivyokanyaga mama yake.

Pumzika kwa amani, kaka. Gari la Padri liko hapo nje, na safari hii halirudi tupu.